Jaga au Jagari? Roki ya Zambia katika redio za usiku za Kakanda

Wazee wa Kakanda wanaoikumbuka roki ya Zambia hutaja kwanza saa, ndipo wataje bendi. "Tulikuwa tunangojea busiku, njo ilikuwa inafika muzuri," aliniambia fundi umeme mmoja mstaafu. Hapo busiku si pambo la masimulizi. Mawimbi ya kati, yaani ya AM, kati ya kilohezi 530 na 1,600 hivi, mchana huambaa ardhi tu, kwa kuwa tabaka la chini la ionosfia, liitwalo D, humeza yale yanayopanda angani. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na matabaka ya juu zaidi huyarudisha mawimbi ardhini, mamia ya kilomita mbali. Kutoka Kitwe hadi Kakanda ni kilomita kama 300 kwa mstari mnyoofu. Sauti ilifika, lakini ilipanda na kushuka, maana mawimbi yaliyopita njia tofauti hugongana yanapofika. Msikilizaji alipoteza nusu ya ubeti, akajaza mwenyewe.

Katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia walishika gitaa za umeme zenye mkwaruzo mzito wakaunda WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya na Ngozi Family. Muziki huo ukaitwa Zamrock, jina linalohusishwa na mtangazaji Manasseh Phiri. Serikali ya Kaunda ilitaka redio ipige zaidi muziki wa nyumbani. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni asilimia 95. Upande wetu redio ya taifa ilijaa rumba ya Kinshasa na nyimbo za kumsifu Mobutu. Aliyechoka alizungusha kitufe.

Tena hakuwa mgeni kabisa huko alikofika. Redio ya Zambia ilitangaza kwa Kiingereza na lugha saba: Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kikaonde, Kilunda na Kiluvale. Kibemba na Kilunda vinasemwa pia Katanga. Kikaonde kimewekwa na Guthrie katika kanda L pamoja na Kisanga, lugha ya wenyeji wa eneo letu, na Msanga hahitaji darasa ili aambulie maneno mengi. Kwa hiyo matangazo mengine yalieleweka. Kilichobaki kuwa sauti tupu ni Kiingereza cha nyimbo zenyewe.

Hapa ndipo jina la mwimbaji wa WITCH linapotufaa. Emmanuel Chanda alijulikana kama Jagari, kutokana na Mick Jagger. Tazameni ile r. Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichofundishwa Zambia, hakitamki r ya mwisho: sikio linapokea kitu kama Jaga. Ili kupata Jagari lazima mtu awe ameliona jina limeandikwa, kwenye jalada la santuri au gazetini, kisha aongeze irabu baada ya konsonanti ya mwisho kama Kibantu kinavyodai. Kwa maoni yangu, Jagari ni neno la jicho. Fundi wangu wa Kakanda, ambaye hakuwahi kushika santuri hata moja ya Kizungu, husema Jaga, na namwona yuko karibu zaidi na London kuliko Kitwe.

Vitabu vyetu vya ukopaji wa maneno huchanganya njia hizi mbili mno. Tunaandika kwamba neno "limetoka Kiingereza", tunafunga mjadala. Wasikilizaji wa usiku wanaweza kutuonyesha lililoingia kwa sikio pekee, lakini wengi wamepita umri wa miaka sabini, na upande wa pili wa mpaka wanamuziki wengi wa kizazi kile waliondoka mapema kwa UKIMWI. Anayekwenda Kakanda likizo hii achukue kinasa sauti, wala asiwaonyeshe wazee maandishi yoyote kabla hawajatamka.

Mama mmoja, muuza mikate wa zamani, huiita ile bendi Wichi. Nilipomweleza kwamba herufi zake zinasimamia sentensi nzima ya Kiingereza, kwamba tunakusudia kuleta vurugu, alicheka sana, halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Na bakubwa ba kule balibaacha baimbe?"