Furaha ya Kupanda Bila Mzigo

Mpanda farasi husifu mwendo unaotuliza moyo. Arua na Koboko farasi ni adimu, kwa kuwa mbung'o wa kandokando ya mito hueneza nagana, maradhi yamuuayo farasi. Mbung'o huyo huwaletea watu malale. Watu walipimwa na kutibiwa, na vitambaa vidogo vya buluu vyenye dawa vikategwa mitoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda.

Farasi hawakuongezeka kwa hayo, lakini raha ya mpandaji haimtegemei farasi peke yake. Baiskeli nayo huchangamsha mwili, hupunguza wasiwasi na huleta usingizi mwema. Bahati mbaya, nyumbani hujulikana kwa kazi tu: mihogo, maji na sokoni. Yafaa basi jioni moja kwa juma ishushwe mzigo, na mama naye aipande katika njia za kijijini, mbali na malori ya barabara kuu. Si kwa kutumwa, bali kwa kuburudika. Moyo nao hutaka kutunzwa.