Leseni Iliyokimbia Nje

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga wetu. Leo tungependa kuongeza kwamba kalamu nayo hujikwaa, na kalamu ya ofisini ijikwaapo, anayeumia si yule aliyeishika bali ni mwananchi aliyeandikiwa.

Tunayasema haya kwa sababu ya barua moja tuliyoonyeshwa hivi karibuni. Aliyeandikiwa ni mzee mvuvi wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Ofisi iliyomwandikia hatutaitaja, maana kosa hili si lake peke yake. Barua ilimwarifu kwa heshima zote kwamba leseni yake ya uvuvi "imekimbia nje" tangu mwezi uliopita. Mzee alimtaka mjukuu wake aisome mara ya pili. Kisha akafungua mkoba wake, akaiona leseni imo ndani, imekunjwa vizuri kama alivyoiweka. Akasema: "Hii yangu haijatoka nje hata siku moja. Itakuwa wamemkosea mtu." Akaendelea kwenda baharini. Wiki ya tatu akasimamishwa dikoni, chombo chake kikazuiwa, akatozwa faini.

Sheria haikukosea, kwani muda wa leseni ulikuwa umekwisha kweli. Mzee naye hakukosea, kwani hakuna aliyemwambia hivyo kwa lugha aijuayo. Kosa limo katika maneno mawili tu.

Ni dhahiri kwamba barua hiyo ilitungwa kwanza kwa Kiingereza, au angalau ilitungwa katika kichwa kilichokuwa kikifikiri kwa Kiingereza. Waingereza husema kitu kikiisha kwamba kime-"run out". Mwandishi akalichukua neno la kwanza akaliita kukimbia, akalichukua la pili akaliita nje, akapiga muhuri.

Kitenzi hicho "run" ni kifupi, na mtoto wa skuli hukijua mapema, lakini ni bahari yenye kina. Mwaka 2011 mwandishi Simon Winchester alieleza katika gazeti la The New York Times kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford wamekihesabia maana 645. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, aliyekuwa akiongoza kwa wingi wa maana alikuwa kitenzi "set". Asili ya "run" haikuwa miguu peke yake. Kina undugu na neno la Kijerumani "rinnen", ambalo maana yake ni kutiririka kwa maji. Basi kila kiendacho bila kusimama, kiwe maji, saa, mashine, mkataba au deni, Mwingereza anaweza kukitumilia neno hilo moja.

Sisi hatufanyi hivyo. Kwetu maji hutiririka, na ya mferejini hutoka. Saa nzima huenda. Ukisema inakimbia, msikilizaji ataelewa kwamba inatangulia wakati. Kanga mbaya huchuja rangi. Mtoto mwenye mafua hutokwa na makamasi, na mwenye homa ana homa, basi. Aliyekosa unga ameishiwa. Gazeti huchapisha habari. Mtaka uwakilishi hugombea, na hapa hata wenye Kiingereza chao hawapatani: Mmarekani husema mgombea anakimbia, Mwingereza husema anasimama. Ikiwa wao kwa wao mmoja anakimbia na mwingine amesimama, sisi tuna haja gani ya kuwafuata?

Iko hatari nyingine ambayo watumishi wetu waiangalie sana. Katika Kiswahili, kukimbia kitu ni kukitoroka. Mwenye kukimbia deni hataki kulipa. Mtoto aliyekimbia skuli anatafutwa na wazazi wake. Basi mkurugenzi akiandikwa kwamba "anakimbia idara" kwa kuwa Mwingereza angesema ana-"run" idara hiyo, wananchi wataelewa kwamba bwana mkubwa ameitupa kazi. Kumbe anaiendesha, tena pengine kwa bidii.

Wala tusidhani kwamba ugumu huu uko kwa Kiingereza tu. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutokwa jasho mbele ya kitenzi chetu "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga deki, tunapiga mbizi, tunapiga makasia, tunapiga hodi na tunapiga kura. Na katika yote hayo hakuna aliyeumizwa. Mgeni akituandikia kwa lugha yake kwamba wananchi wa Pemba wamezicharaza kura zao kwa fimbo, tutacheka. Lakini barua ya yule mvuvi haikuwa na tofauti na kichekesho hicho.

Watu wa visiwani wana sababu zaidi ya kulijua jambo hili, maana lugha yao imekonga baharini. Mwingereza husema chombo kime-"run aground", akanyamaza. Nahodha wetu hatosheki na hayo. Atauliza: kimepanda mwamba, au kimepwelewa? La kwanza ni msiba, huenda mbao zimepasuka. La pili ni subira, kwani maji yakijaa chombo kitaelea. Anayetafsiri bila ya kujua lililotokea hawezi kuchagua neno, na asiyeweza kuchagua neno asitume taarifa kwa watu wanaosubiri jamaa zao.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ni heshima kubwa, na heshima ina gharama yake. Haitupendezi kwamba mahali ambapo wengine walikuja kuchota, sisi wenyewe tuwe tunawanywesha wananchi wetu maji ya kuazima. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limekuwapo kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 2004. Si aibu kwa ofisi yoyote kulibishia hodi kabla ya kuchapisha fomu itakayotumika miaka kumi.

Siku hizi ziko pia mashine za kutafsiri, ambazo hutoa ukurasa mzima kwa kufumba na kufumbua. Hatuzikatai. Lakini mashine haitozwi faini dikoni. Anayetia saini ndiye mwenye dhamana ya kila neno lililo juu ya saini yake.

Kwa hivyo tunatoa rai moja, nayo haihitaji fungu la fedha. Kabla barua au tangazo halijapigwa muhuri, lisomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyejua Kiingereza: mlinzi wa mlangoni, sheha, au mzee yeyote aliyekuja na shida yake. Aulizwe: "Umefahamu unatakiwa ufanye nini?" Akijibu sawasawa, barua iende. Akishangaa, irudi mezani. Mtafsiri naye asijiulize neno hili linaitwaje, bali ajiulize: jambo hili mama yangu angelisemaje?

Yule mzee angeandikiwa, "Leseni yako imekwisha muda wake, njoo uitie upya," angefika ofisini asubuhi yake. Maneno hayo ni mepesi, hayana gharama, na yeye ameyajua tangu utotoni.