Kamba Msafishaji na Haki Zake

Kamba msafishaji, mwenye mgongo mwekundu wenye mstari mweupe, ni mkaazi wa miamba ya bahari yetu ya Hindi. Riziki yake huichuma mwilini mwa samaki: huwaondolea vijidudu na ngozi iliyokufa, nao humtulia.

Amfugaye katika tangi la kioo amebeba dhamana. Maji yawe na chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, na siku ya kumleta azoeshwe tone kwa tone. Dawa yenye shaba isitiwe kamwe: humponya samaki, ikamwangamiza kamba.

Mkiona ganda tupu, msihuzunike. Amejivua tu, naye amejificha hadi jipya liwe gumu. Watoto wasimchokoe. Aliyeondolewa baharini hana kimbilio ila mikono yetu.