Ardhi ya Busia: Si kila shamba linafaa miwa

KATIKA barabara ya kutoka Busia hadi Malaba, miwa, mihogo, mahindi na wimbi hukua katika mashamba yanayopakana. Hata hivyo, si kila zao limepandwa mahali panapolifaa, na hasara ya kukosea humwangukia mkulima.

Mwaka 1976, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa mwongozo unaosisitiza kuwa ardhi haiwezi kuitwa nzuri au mbaya kabla ya kutajwa matumizi yake. Mwongozo huo una madaraja matano: ardhi inayofaa sana, inayofaa kiasi, inayofaa kwa shida, isiyofaa kwa sasa na isiyofaa kabisa. Kasoro za daraja la nne hurekebishika, ila gharama yake haivumiliki kwa wakati uliopo. Za daraja la tano haziondoleki.

Nchini Kenya, watafiti Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt waliigawa nchi katika kanda za kilimo kwa kuzingatia joto na unyevu, katika vitabu vilivyotolewa na Wizara ya Kilimo mwaka 1982 na 1983. Humo, Busia ina kanda nne: ya miwa, ya miwa kwa shida, ya pamba, na ya pamba kwa shida. Mvua hupungua kadiri mtu anavyokaribia Ziwa Victoria.

Lakini jina la ukanda si amri. Ndani ya ukanda mmoja, shamba moja huwa na udongo wenye kina na jingine mwamba ulio karibu. Kule Budalang'i, bonde la Mto Nzoia lenye maji yaliyotuama huozesha mahindi, ilhali mpunga hustawi katika mradi wa unyunyizaji wa Bunyala.

Kosa la kuchagua zao ni ghali. Miwa huchukua takriban miezi 18 au zaidi kabla ya kuvunwa. Familia yenye ekari chache ikiipanda penye udongo hafifu, hukosa mapato na pia hulazimika kununua unga. Muhogo huvumilia udongo huo, na maeneo mengi ya Magharibi yana udongo wenye asidi na upungufu wa fosforasi. Chokaa ya kilimo huweza kuupandisha daraja.

Kwa hivyo, kabla ya msimu, mkulima na achimbe shimo kupima kina cha udongo, atazame maji yanakotuama baada ya mvua, kisha apeleke sampuli ipimwe. Mbegu na mbolea zinunuliwe baadaye.