Mafuta ya Peremende Nyumbani: Faida Zake na Hatari Zake



Kichupa cha mafuta ya peremende kimo katika nyumba nyingi, nacho hutumiwa kwa mafua, kwa kichwa, kwa tumbo, hata kwa mtoto mchanga. Walakini kitu chema kikitumiwa pasipo maarifa huleta madhara. Basi yafaa tuijue tabia yake.

Peremende ni mmea wa jamaa ya nanaa. Mzazi wake mmoja ni nanaa ya bustanini, na wa pili ni nanaa ya majini. Mtaalamu John Ray aliandika habari zake huko Uingereza mwaka 1696. Majani hupitishiwa mvuke wa maji yanayochemka, na mvuke ukipoa mafuta huelea juu ya maji. Majani mengi hutoa mafuta machache; ndiyo sababu ni makali.

Nguvu yake hasa ni kitu kiitwacho mentholi. Mwaka 2002 wataalamu walitambua ya kuwa mentholi huamsha fahamu zilezile zinazosikia baridi. Kwa hiyo ngozi husikia ubaridi, hali mwili haukupoa. Mwenye homa akipakwa katika paji la uso huona raha, lakini homa haikushuka. Mwenye mafua hudhani pua imefunguka, kumbe njia ya pumzi ni ileile. Hapo ndipo penye hatari: mama huona mtoto ametulia, naye huahirisha safari ya hospitali, na huku malaria au kichomi chaendelea na kazi yake usiku kucha.

Faida zake zipo. Mtu mzima aumwaye kichwa aweza kupaka kidogo katika paji la uso, mbali na macho. Chai ya majani yake hutuliza tumbo lililojaa upepo. Lakini mwenye kiungulia ajihadhari, maana peremende hulegeza mlango wa juu wa tumbo, na uchungu hupanda kooni.

Sasa shikeni mambo haya:

Kwanza, mtoto mchanga na mtoto mdogo wasipakwe usoni, puani wala kifuani. Ukali wake waweza kuibana koo hata pumzi ikakatika. Tena, katika nchi za malaria wako watoto wengi waliozaliwa na upungufu fulani wa damu. Hao mentholi yaweza kuwazidishia manjano.

Pili, msipake mafuta matupu. Tieni matone 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Maji hayafai, kwa kuwa hayachanganyiki na mafuta.

Tatu, msiyanywe. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, yasije yakaingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na kichupa chenyewe.

Nne, yakiingia jichoni, osheni kwa maji safi mengi. Yakiunguza ngozi, yafuteni kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha osheni kwa sabuni.

Tano, kichupa kifungwe vema, kiwekwe juu, mbali na watoto na mbali na moto.

Ninyi walimu, wasomeeni akina mama habari hizi baada ya sala ya Jumapili. Mtoto mwenye homa, au apumuaye mbiombio, asingojee kichupa. Apelekwe kwa daktari siku ileile. Kumwombea na kumpeleka ni kazi moja ya upendo.