Matege Katika Nchi ya Jua

Mama mpendwa, huku Kiongoroni, kwenye delta ya Rufiji, jua halikosekani, wala samaki. Mbona basi tuzungumzie matege? Kwa sababu jua halimfikii mtoto anayeshinda ndani amefunikwa khanga gubigubi.

Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, nayo husaidia mwili kufyonza madini ya chokaa kutoka katika chakula. Ikikosekana, mifupa hubaki laini, na miguu hupinda mtoto aanzapo kusimama. Maziwa yetu, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini hiyo kidogo sana.

Tumtoe mtoto nje, mikono na miguu wazi. Aliyeanza kula tumsagie dagaa pamoja na mifupa yake. Kumfunga vijiti miguuni hakutibu matege. Tumpeleke kliniki mapema, kwani akitibiwa angali mdogo, mara nyingi miguu hunyooka.