Kalamu Inapokwama

Hakuna mwanafunzi asiyeijua hali hii. Mwalimu ameandika kichwa cha insha ubaoni, darasa limenyamaza, karatasi i nyeupe mbele yako, na kalamu i mkononi. Unaandika sentensi moja, unaikata. Unaandika ya pili, unaikata nayo. Unamtazama jirani yako, unaona mkono wake unakwenda bila kusimama, na moyo wako unazidi kuwa mzito. Hata kengele inapolia, huna ila mistari mitatu. Ndipo unaposema, “Mimi sikuumbwa kuwa mwandishi.”

Neno hilo si kweli. Kalamu hukwama mikononi mwa watoto, na hukwama vilevile mikononi mwa watu wazima walioandika vitabu vinavyosomwa ulimwenguni kote. Gari likikwama matopeni, dereva mwenye akili halipigi teke wala hakai kando akalia. Hushuka, akatazama ni gurudumu lipi lililozama. Nasi tufanye hivyo. Sababu kubwa za kukwama kwa kalamu ni nne, na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni upungufu wa habari. Mara nyingi mtu husema amekosa maneno, na kumbe alichokosa ni mambo ya kusema. Ukiambiwa uandike juu ya uvuvi, nawe hujapata kuona dema likishushwa baharini, utaandika kwamba uvuvi ni kazi njema yenye faida, kisha utanyamaza. Dawa yake haimo katika kalamu; imo pwani. Nenda kwa mvuvi, umsalimu kwa adabu, umwulize: Dema husukwa kwa miti gani? Mlango wake uko upande gani? Kwa nini samaki akiisha kuingia hawezi kutoka? Ukirudi na majibu hayo, shida yako haitakuwa kupata la kuandika, bali kuchagua la kuacha.

Sababu ya pili ni hofu ya kukosea. Mtu hutaka kuwa mwandishi na msahihishaji kwa saa ile ile moja. Mtazame mfinyanzi. Kwanza huupandisha udongo kwa mikono yake, nao umejaa mabonde na alama za vidole. Chungu kikiisha kusimama, ndipo hushika gunzi la muhindi akalainisha, na baadaye hupiga nakshi. Kama angetaka kulainisha kila tonge la udongo kabla ya kulibandika, jua lingekuchwa asiwe na chungu. Basi, andika kwanza mpaka mwisho, na makosa yako yote. Kisha rudi mwanzo ukasahihishe. Karatasi ya kwanza ni yako mwenyewe. Ya pili ndiyo ya kumpa mwalimu.

Sababu ya tatu ni kutomjua msomaji. Anayesema na watu wote pamoja hapati neno. Anayesema na mtu mmoja anayemjua, maneno humjia. Mfano mzuri tunao katika pwani yetu. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, mumewe amekwisha kufariki, naye mwenyewe ameugua kwa muda wa mwaka mzima, alitunga utenzi wake wenye beti zaidi ya mia. Hakuutungia mfalme wala umati wa watu. Aliutungia binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa bado msichana, nao unaanza kwa kumwita aje akae karibu na mama yake, na wino na karatasi. Mama yule alijua huenda asimwone mwanawe akikua, kwa hiyo alijua hasa la kumwambia. Alifariki yapata mwaka 1860, na utenzi wake husomwa hata leo. Nawe ukikwama, jiulize: Namwandikia nani? Mchague mtu mmoja, dada yako au rafiki aliyehamia mji mwingine, ukamweleze yeye.

Sababu ya nne ni uchovu au msiba. Thomas Carlyle alikuwa Mskoti aliyekaa London. Mwaka 1835 alikuwa amemaliza kitabu cha kwanza cha historia yake ya mapinduzi yaliyoanza Ufaransa mwaka 1789. Hakuwa na fedha, na tumaini lake lote lilikuwa katika kazi hiyo. Alimwazima rafiki yake, John Stuart Mill, zile karatasi azisome, wala hakuwa na nakala nyingine. Usiku mmoja wa mwezi Machi, Mill alifika mlangoni kwake, uso umemgeuka. Karatasi zilikuwa zimechomwa moto. Zilidhaniwa kuwa takataka. Mill alihuzunika sana hata Carlyle na mkewe, Jane, wakaificha huzuni yao ili kumtuliza yeye.

Carlyle alianza kuandika upya, lakini kalamu ikakataa. Kila sentensi ilikuwa kama jiwe. Mwisho aliiweka chini kwa majuma kadhaa, akasoma hadithi nyepesi tu, akili ipate kupumzika. Kisha akarudi mezani. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule kitabu cha kwanza kilikuwa kimekwisha mara ya pili, na mwaka 1837 kazi nzima ikapigwa chapa. Basi kupumzika si uvivu. Ila angalia jambo moja: kupumzika kwake kulikuwa na mwisho.

Hizo ndizo sababu nne. Liko jambo la tano, nalo si sababu bali ni udhuru. Watu wengi husema, “Nitaandika nikipata hamu.” Wanaingojea hamu kama msafiri anayengoja kivuko mahali ambapo hapana mto. Juu ya hao, sikilizeni habari za karani mmoja wa Posta.

Anthony Trollope alizaliwa London mwaka 1815. Shuleni alikuwa maskini, nguo zake mbovu, na wenzake wakimdharau. Nyumba yao iliponewa na kalamu ya mama yake, Frances, aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1832, akiwa na umri uliopita miaka 50. Mwaka 1834 jamaa hiyo ilikaa katika mji wa Bruges, nchi ya Ubelgiji. Mume wa Frances alikuwa mgonjwa na mwanawe mmoja alikuwa akifa. Mama yule aliwauguza, na katika vyumba vyake chupa za dawa na chupa ya wino zilikaa pamoja. Alikuwa na desturi ya kuamka saa kumi alfajiri kuandika, watu wengine wakiwa wamelala. Hakuandika kwa sababu ana hamu. Aliandika kwa sababu wana njaa.

Anthony hakuusahau mfano huo. Mwaka 1834, naye akiwa na miaka 19, aliingia katika kazi ya Posta, akaifanya kwa muda wa miaka 33. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kuweka masanduku ya barua njiani, na ya kwanza yakasimamishwa katika kisiwa cha Jersey mwaka 1852. Hata hivyo, pamoja na kazi hiyo ya mchana, aliandika hadithi ndefu 47 kabla ya kufa kwake mwaka 1882. Alipata wapi nafasi?

Alieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1883. Alikuwa na mtumishi mzee, akamwongezea paundi 5 kwa mwaka ili amwamshe kila siku kwa kikombe cha kahawa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Trollope alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza aliyasoma aliyoyaandika jana, sikio lake lipate kuuzoea tena mwendo wa maneno. Kisha aliweka saa yake mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo saa, yaani maneno 1,000 kwa saa. Saa mbili na nusu asubuhi aliinuka, avae nguo, ale, aanze kazi nyingine za siku. Alikuwa na daftari alimoandika hesabu ya kurasa za kila siku, hata juma la uvivu lilimkodolea macho. Aliposafiri kwa gari la moshi kwa kazi ya Posta, aliandika kwa penseli juu ya magoti yake, na mkewe, Rose, akanakili.

Trollope aliona kwamba mwandishi hana udhuru zaidi ya fundi viatu. Naye fundi viatu hangoji hamu ndipo ashone. Alisema kuwa aliwahi kuambiwa msaada mkubwa wa kuandika kitabu ni kupaka nta ya fundi viatu kitini, akaongeza kwamba aliiamini nta hiyo kuliko hamu. Wako waliomcheka, wakisema mtu huyu huandika kama mashine. Lakini hawakufahamu jambo moja. Saa zile tatu zilikuwa na mavuno kwa sababu saa nyingine za siku hazikuwa tupu. Trollope alikaa na watu wa hadithi zake moyoni mwake, akajua sauti zao na hasira zao, hata akafika mezani na la kusema. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini sharti kamba iwepo.

Basi mwandishi ni mtu gani? Si yule ambaye kalamu yake haikwami, maana mtu huyo hayupo. Mwandishi ni yule anayerudi kwenye karatasi kesho yake, akiwa na jambo la kweli la kumwambia mtu mwingine.

Tena, mwandishi si lazima awe mtu wa vitabu. Zamani katika nchi zetu wazee wengi hawakujua kusoma. Bibi ambaye mwanawe alikwenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, alimwita mtoto wa shule akamwambia, “Mjukuu wangu, niandikie.” Mtoto yule akikaa kimya kwa kuogopa makosa, si kalamu yake tu iliyokwama, sauti ya bibi nayo ilikwama, na kule mbali mwana alikaa bila salamu. Elimu ya kuandika si mali ya mtu mmoja. Aliye nayo huwaazima wengine mkono wake.

Hata leo yako mambo mengi ambayo hayajaandikwa. Yuko mzee jirani yako ajuaye kwa nini kijito kile kiliitwa hivyo, ni nani aliyepanda mwembe ule, na watu walikula nini mwaka wa njaa. Ukingoja mpaka ujione hodari, huenda siku hiyo ukamkosa. Nenda kwake leo na daftari. Andika sentensi moja, kama ilivyotoka kinywani mwake. Kesho isome, ukaongeze ya pili.

Maswali

1. Taja sababu nne za kukwama kwa kalamu, na dawa ya kila moja.
2. Kwa nini Trollope alisoma aliyoyaandika jana kabla ya kuanza ya leo?
3. Kupumzika kwa Carlyle na kungojea hamu vina tofauti gani?
4. Mwulize mzee mmoja asili ya jina la mahali unapokaa, ukaandike majibu yake kwa ajili ya mtu ambaye hajafika huko.